Haki Haitaki Ushahidi wa Uwongo: Miraji na Mbio za Mwangaza

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, Aliyeujaalia usiku na mchana kuwa ishara kwa wenye akili. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake, na kila aliyeifuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Kila uingiapo mwezi wa Rajabu, misikiti ya miji yetu ya pwani hujaa watu kusikiliza kisa cha Isra na Miraji. Hukumu ya kuusherehekea usiku wa 27 ina mahali pake, wala si makusudio yetu leo. Makusudio yetu ni neno jipya lililozuka juu ya visomo tulivyovizoea. Waadhi wengine, wenye vilemba na wenye shahada, husimama wakawaambia watu ya kuwa Miraji sasa imethibitishwa na ilimu ya maumbile: ati Albert Einstein amegundua kuwa mwenye kwenda mbio sana wakati humpungukia, basi Buraka alikwenda kwa mbio za mwangaza, na ndiyo sababu Mtume (s.a.w.) akaenda na kurudi kwa usiku mmoja. Maneno haya hupelekwa kwa simu kutoka nyumba hata nyumba, na msikilizaji husema "Subhanallah" kabla hajauliza.

Sisi twaiamini Isra na Miraji kama ilivyokuja katika Qur'ani na katika Hadithi sahihi, bila ya shaka wala tafsiri za kuikimbia. Lakini dalili hii inayopitishwa mikononi mwa watu si dalili. Ni kosa katika ilimu ya maumbile, na ni madhara kwa imani za vijana wetu. Twamuomba msomaji atuvumilie tumueleze mambo haya mawili kwa utaratibu.

Ilimu yenyewe yasemaje

Watu wa zamani wengi walidhani kuwa mwangaza hufika papo hapo, hauchukui muda. Miongoni mwa waliolikataa neno hilo ni mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965 na akafa Misri kiasi cha mwaka 1040. Yeye alisema kuwa mwangaza huenda kwa muda, ijapokuwa muda huo ni mdogo mno hata jicho haliutambui. Mwaka 1676 Ole Rømer, mtu wa Denmark, alikuwa Paris akiangalia mmoja katika miezi ya nyota ya Mushtari, akaona kuwa mwezi ule huchelewa kuonekana kila dunia yetu inapokuwa mbali na Mushtari. Akafahamu kuwa kuchelewa kule ni muda wa mwangaza kuikata njia. Leo mbio zake zajulikana barabara: ni mita 299,792,458 kwa kila sekunde moja. Kwa mbio hizo ungeizunguka dunia zaidi ya mara saba kabla hujamaliza kupepesa macho mara mbili tatu.

Na juu ya hayo mbingu ni pana. Mwangaza wa jua hutufikia baada ya dakika 8 na kitu. Nyota za Kilimia, walizokuwa wakizitazama wazee wetu kwa kujua majira ya kilimo, mwangaza wake hutufikia baada ya miaka kiasi cha 440. Basi usiku wa leo uzitazamapo, unaona mwangaza uliotoka huko Wareno hawajaanza bado kuijenga Ngome ya Mombasa mwaka 1593.

Mwaka 1905 Einstein alieleza jambo ambalo akili hulikataa kwanza, kisha majaribio yakalikubali: wakati haupiti kwa kadiri moja kwa vitu vyote. Mwenye kwenda mbio, saa yake huenda polepole kuliko saa ya aliyebaki. Baadaye akaongeza kuwa aliye karibu na kitu kizito kama ardhi, saa yake huenda polepole kuliko saa ya aliye juu mbali nacho. Kwa mbio za gari na jahazi tofauti ni ndogo hata hapana aionaye; lakini mtu akiukaribia mwendo wa mwangaza, tofauti huwa kubwa.

Tutoe mfano. Chukua ndugu wawili pacha, Hasani na Huseni. Huseni abaki nyumbani Lamu, na Hasani asafiri mbinguni kwa sehemu nane katika kumi za mbio za mwangaza, kisha arudi. Ikiwa Huseni amehesabu miaka kumi, Hasani atakuwa amehesabu miaka sita tu. Huseni atakuwa amefunga Ramadhani kumi, na Hasani sita. Wala asidhani mtu kuwa Hasani ameongezewa umri. Yeye ameishi miaka sita, amekula chakula cha miaka sita, na moyo wake umepiga mapigo ya miaka sita. Ajali yake hakuikimbia hata kwa pumzi moja.

Haya si maneno matupu. Huko juu, kiasi cha kilomita 15, huzaliwa chembe ndogo sana ziitwazo myuoni, ambazo umri wake kwa wastani ni kiasi cha sehemu mbili za milioni ya sekunde. Kwa umri huo, hata zikikimbia karibu sawa na mwangaza, zisingepita mita 700. Lakini zafika ardhini kwa wingi, kwa kuwa saa yao huenda polepole kwa ajili ya mbio zao. Na mwezi wa Oktoba mwaka 1971, Wamarekani wawili, Hafele na Keating, walipanda ndege za abiria na saa za atomu wakaizunguka dunia. Saa zilizokwenda upande wa mashariki zilichelewa kwa sehemu 59 za bilioni ya sekunde, na zilizokwenda magharibi zilitangulia kwa sehemu 273, kwa sababu ardhi yenyewe yazunguka kuelekea mashariki: mwenda mashariki huongeza mwendo, na mwenda magharibi huupunguza.

Hata simu unayoiuliza kibla kilipo yategemea ilimu hii. Hupokea khabari kutoka vyombo vinavyoizunguka dunia kiasi cha kilomita 20,200 juu yetu. Kwa ajili ya mbio zao, saa za vyombo hivyo huchelewa kila siku kwa sehemu 7 za milioni ya sekunde. Na kwa ajili ya kuwa juu, hutangulia kwa sehemu 45. Basi hubaki zimetangulia kwa sehemu 38. Lau hesabu hii isingetengenezwa, kosa la kuonyesha mahali ulipo lingezidi kiasi cha kilomita 10 kila siku.

Hesabu iliyopinduliwa

Sasa na turejee kwa yule mwaadhi. Msomaji ameona kuwa, kwa kanuni ya Einstein, msafiri ndiye apitiwaye na wakati mchache, na waliobaki ndio wapitiwao na wakati mwingi. Hebu sasa tukitazame kisa cha Miraji. Walioachwa nyuma ni watu wa Makka, nao ulipita kwao usiku mmoja tu, tena hata haukwisha. Aliyesafiri ni Mtume (s.a.w.), naye alionyeshwa katika usiku ule ishara kubwa kubwa, akakutana na Mitume, akafaradhishiwa Sala. Basi jambo lenyewe ni kinyume cha asemavyo mwaadhi. Lau safari ile ingekuwa kwa mbio za mwangaza na kwa kanuni ya Einstein, Mtume ndiye angeona muda mchache, na watu wa Makka ndio wangengoja miaka.

Wangengoja miaka mingapi? Nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya jua, mwangaza huichukulia miaka minne na kitu. Kwenda na kurudi ni karibu miaka minane na nusu, na hapo msafiri hajaivuka ila nyota ya kwanza. Kundi la nyota ambalo jua letu ni moja ndani yake, mwangaza hulikata kwa miaka kiasi cha 100,000. Na Qur'ani imetufundisha katika Sura ya As-Saffat kuwa mbingu iliyo karibu ndiyo iliyopambwa kwa nyota. Basi mbingu saba na Sidratul Muntaha zi wapi na mbio hizi? Mwaadhi amedhani kuwa amemtukuza Mtume kwa kumpa mbio za mwangaza, kumbe amempa kipando kilicho kizito mno kwa safari ile.

Wengine hushika jina, wakasema Buraka latokana na neno la Kiarabu la umeme. Jina si kipimo. Hadithi sahihi imetukhabarisha kuwa mnyama yule alikuwa akiweka kwato yake pale unapofikia upeo wa macho yake, ikaishia hapo. Aliyetaka kuzidisha na alete nassi.

Na wengine huyatia katika kapu hili hili mambo ya Watu wa Pangoni, waliokaa miaka mia tatu na tisa, na ya yule mtu aliyefishwa miaka mia kisha akafufuliwa. Lakini Watu wa Pangoni hawakwenda popote. Sura ya Al-Kahf yatueleza kuwa walikuwa wamelala, wakigeuzwa ubavu wa kulia na wa kushoto. Na yule wa miaka mia, aliyetajwa katika Sura ya Al-Baqara, chakula chake hakikuharibika na ilhali punda wake aliyekuwa papo hapo alikuwa mifupa. Mbio gani zimfanyazo punda kuwa mifupa, na chakula kilicho kando yake kisichache? Haya ni miujiza, na muujiza ni amri ya Mwenye kuziweka kanuni, ambaye kanuni zake hazimfungi.

Hesabu ya miaka elfu

Yako mengine yaliyoenea zaidi ya hayo. Husemwa kuwa mbio za mwangaza zimeandikwa katika Sura ya As-Sajda, mahali palipotajwa siku ambayo kadiri yake ni miaka elfu katika tuhesabuyo. Huchukua njia ya mwezi kuizunguka dunia, wakaizidisha kwa miezi 12,000, wakasema kuwa umbali huo ndio autembeao mwangaza kwa siku moja.

Tuhesabu pamoja kwa karamu na karatasi. Njia ya mwezi ni kiasi cha kilomita 2,415,000. Zidisha kwa 12,000, utapata kiasi cha kilomita bilioni 29. Na mwangaza kwa siku moja huenda kiasi cha kilomita bilioni 25.9. Hazikulingana! Basi wenye hesabu hii hufanyaje? Huipunguza ile ya kwanza kwa kiasi cha sehemu 11 katika kila 100, na kwa kupunguza huko huleta maneno marefu ya pembe na mizunguko, mpaka zilingane. Na ni hesabu gani isiyolingana ukiisha kuikata pale inapozidi? Na tena, Sura ya Al-Maarij imetaja siku ya miaka 50,000. Hiyo nayo ni mbio za kitu gani? Hapa hunyamaza.

Muuza duka akipunguza mizani kwa kidole twasema kuwa amepunja, na Qur'ani imewatisha wapunjao. Basi vipi iwe halali kukitia kidole katika mizani inayopimiwa maneno ya Mwenyezi Mungu?

Alivyofanya Mtume

Pengine mtu atasema: "Kuna ubaya gani? Makusudio ni mema, na watu wazidi imani." Jawabu la neno hili tumelipata kwa Mtume mwenyewe (s.a.w.). Mwaka wa 10 wa Hijra alifiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, na siku ile jua likapatwa. Watu wakasema kuwa jua limepatwa kwa ajili ya kufa kwa Ibrahim. Tazama basi: dalili imekuja yenyewe, watu wameiamini wenyewe, nayo ni ya kumtukuza yeye na mwanawe, na moyo wake una huzuni. Lau angenyamaza tu, ingetosha. Hakunyamaza. Aliwabainishia kuwa jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa mtu, na akawaamuru wasali na waombe.

Ikiwa Mtume aliukataa ushahidi wa uwongo uliokuja kumtumikia, ni nani sisi hata tuutafute na kuueneza?

Na wala hatuwaungi mkono wale wa upande wa pili, wasemao kuwa ilimu hizi zote ni ukafiri na uzushi wa Wazungu. Imamu Al-Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, katika utangulizi wa kitabu chake Tahafut al-Falasifa alionya juu ya watu wa namna hii. Alieleza kuwa mwenye kuipinga hesabu ya kupatwa kwa jua, akidhani kuwa anaitetea dini, huidhuru dini. Kwani hesabu ile imethibiti, na mwenye kuijua hataacha kuiamini hesabu, bali ataitilia shaka dini. Makundi haya mawili, la kuipinga ilimu na la kuigushi, yanafika mahali pamoja.

Mahali hapo ndipo tunapopaogopa. Kijana wetu wa Mombasa au Malindi hufundishwa msikitini kuwa Uislamu ni kweli kwa sababu Einstein ameishuhudia Miraji. Huyashika maneno hayo kwa moyo safi. Kisha huingia chuo kikuu akasoma fizikia kwa mwalimu ambaye hana uadui naye, akaiona hesabu kwa macho yake kuwa imepinduliwa. Siku hiyo hatasema, "Mwaadhi alikosea." Aghalabu atasema, "Dini imenidanganya." Imani ilitundikwa kwenye msumari mbovu, na msumari ukingʼoka, kilichotundikwa huanguka nao. Dhambi hiyo ataibeba nani?

Sayyidna Abu Bakr (r.a.) hakutundika imani yake hapo. Maquraishi walipomjia wakimcheka, kwa kuwa safari ya kwenda Baitul Maqdis ilikuwa ikichukua misafara karibu mwezi mzima, yeye hakuuliza mbio za kipando. Jawabu lake lilikuwa kwamba ikiwa Muhammad amesema hivyo basi amesema kweli, kwani yeye humsadiki katika lililo kubwa zaidi, nalo ni khabari imjiayo kutoka mbinguni. Kwa imani hiyo akaitwa Siddiki. Kuujua ukweli wa Mtume ndio mlango. Na aliyeuingia mlango huo, Miraji haimzidi.

Wakati hauna njia ya kurudi

Watu huuliza pia, na vijana khasa, kama ilimu hizi zatoa njia ya kurudi siku zilizopita. Kwenda mbele kumethibiti, kwa kiasi kidogo kama tulivyoeleza katika saa za Hafele na Keating. Kurudi nyuma hapana aliyekuthibitisha. Mwaka 1949 Kurt Gödel alionyesha kwa hesabu za Einstein ulimwengu ambao njia ingeweza kuzunguka mpaka wakati uliopita, lakini ulimwengu huo sio huu tuuonao. Na mwaka 2009 Stephen Hawking wa Uingereza alifanya karamu ya wasafiri wa wakati, akatoa mialiko baada ya karamu kwisha, ili aje yule tu awezaye kurudi nyuma. Hakuja mtu.

Sisi hatusemi kuwa haya ni tafsiri ya Qur'ani, tusije tukalifanya lile tunalolikataza. Twasema tu kuwa muumini ana khabari yake mbele yake. Katika Sura ya Al-Muuminun, aliyejiwa na mauti huomba arudishwe apate kutenda mema aliyoyaacha, na hakubaliwi. Deni la mtu usilolilipa jana, huna njia ya kurudi jana ukalilipe, una leo. Ndugu uliyemnunia akafa, huwezi kuurudia mlango wake. Aliye hai unaweza, naye pengine yu mtaa wa pili.

Na liko deni jingine, la umma wetu wa pwani. Tarehe 12 Disemba 1970, kutoka jukwaa la Wataliani lililokuwa baharini karibu na Ngomeni, upande wa Malindi, kilirushwa chombo cha Wamarekani cha kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota, kikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Kilikuwa cha kwanza duniani cha namna yake. Kilipaa kutoka bahari yetu, kwa jina la lugha yetu. Sisi tulichangia jina. Yatupasa tujiulize kwa nini watoto wetu hawakuwa wengi miongoni mwa walioisoma miale ile, na ilhali Ibn al-Haytham ni wetu kwa kumtaja kila siku.

Basi, ndugu Waislamu, maneno yetu ni matatu. Mwenye kuletewa dalili kwa simu asiieneze mpaka amuulize mjuzi wa dini na mjuzi wa ilimu hiyo. Waadhi wetu waisome Miraji kama ilivyopokewa, na wauonyeshe umma zawadi iliyoletwa usiku ule, nayo ni Sala tano, ambazo wengi wanaoibishania Buraka hawazisali kwa wakati wake. Na wazazi wawasomeshe watoto wao fizikia na hesabu kwa bidii ile ile wanayowasomesha juzuu, wake kwa waume, ili iwepo siku ambayo Muislamu wa pwani ataweza kuitazama hesabu kwa macho yake mwenyewe, asidanganywe na wa kwetu wala wa nje.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na atujaalie kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na atujaalie kuiepuka. Wabillahi taufiki.